Kusoma PhD ya Siasa Si Kukimbia Mapambano

Wiki tatu zilizopita, kwenye kikao cha vijana wa tawi letu, niliwaambia wenzangu kwamba nikimaliza mwaka wa nne wa sheria sitakwenda Shule ya Sheria kwa sasa. Nakwenda nje kusoma PhD ya sayansi ya siasa. Miaka mitano, huenda sita. Chumba kikawa kimya hadi nikaanza kusikia feni. Halafu kaka mmoja, ambaye tumekesha pamoja zaidi ya mara moja nje ya kituo cha polisi tukisubiri wenzetu wapate dhamana, akauliza taratibu: "Kwa hiyo dada, unatuacha kwenye mataa?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilibabaika, nikaongea habari za ufadhili. Leo namjibu hapa mbele ya wote, kwa sababu swali si lake peke yake. Na najua wapo vijana wenzangu, hasa mabinti, wanaoitamani njia hii ila wanaogopa kuitwa wasaliti, au hawajui pa kuanzia.

Nianze na kilichonitoa kwenye sheria. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka wa pili niliisoma, nikaipigia mstari, nikaijibia mtihani, nikafaulu vizuri tu. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa Arusha, iliamua katika shauri la Jebra Kambole kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara haijaondoka. Na kabla ya hukumu hiyo, Novemba 2019, serikali ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuondoa tamko linalomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile.

Hapo ndipo sheria iliponifikisha. Ilinieleza kwamba mlango umefungwa. Haikunieleza kwa nini wenye nyumba hawataki kuufungua, wala ni wakati gani wenye nyumba wengine walilazimika kuufungua.

Tazama majirani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais. Uchaguzi ukarudiwa, aliyekuwa madarakani akabaki. Tarehe 3 Februari 2020 majaji wa Malawi nao wakafuta matokeo ya urais. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, upinzani ukashinda. Kwa nini majaji wa nchi fulani wanathubutu na wa nyingine hapana? Kwa nini hukumu zinazofanana zinazaa mabadiliko Lilongwe na hazizai Nairobi? Hayo ni maswali ya siasa linganishi, na yana watu wanaoyafanyia kazi kwa miaka, kwa takwimu, kwa nyaraka, kwa mahojiano na majaji wenyewe. Sisi ambao maisha yetu yanategemea majibu yake tunajua nini? Tunajua kupiga kelele. Kelele ni muhimu, nimepiga nyingi na nitapiga tena. Ila ukiulizwa "ushahidi uko wapi?" kelele haijibu.

Na tuseme ukweli: utafiti mwingi kuhusu siasa zetu unafanyika sisi tukiwa wasaidizi. Mgeni anakuja na swali lake, tunamjazia madodoso kwa posho ya siku, tunamtafsiria, tunampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, anaondoka. Kitabu kinatoka, jina lako liko kwenye ukurasa wa shukrani kama umebahatika. Simlaumu mgeni. Nauliza tu kwa nini swali lisiwe letu.

Sasa hili la "kukimbia". Eduardo Mondlane alipata PhD ya sosholojia Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1960. Alikuwa na kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Syracuse. Angeweza kukaa huko akazeeka kwa amani. Akaja Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO, na ni hapa hapa Dar alipouawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Walter Rodney alikuwa na PhD ya historia kutoka London akiwa na miaka 24, akaja kufundisha Mlimani, akarudi kwao Guyana kupambana, akauawa mwaka 1980. Na hapa nyumbani tulikuwa na Profesa Mwesiga Baregu, mwalimu wa sayansi ya siasa, mwanachama wa CHADEMA bila kujificha, aliyekaa kwenye Tume ya Jaji Warioba. Sijilinganishi na hao. Ninachosema ni kwamba darasa na uwanja wa mapambano havijawahi kuwa maadui.

Lakini nisiwadanganye. Udokta hauna itikadi. Wapo madokta waliobobea katika kuhalalisha dhuluma, na chawa wengine wana PhD mbili. Wapo pia walioondoka wakiapa watarudi, leo wanatutumia salamu za Uhuru mtandaoni kutoka kwenye baridi. Kaka yangu ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo, pamoja na namna ya kwenda, tuzungumzie namna ya kuchagua ili usipotee.

Kuna njia tatu ninazozijua vizuri kwa sababu nimezipekua zote. Marekani, idara nyingi za siasa zinakupokea ukiwa na shahada ya kwanza tu. Miaka miwili hivi ya mwanzo ni madarasa, kisha mitihani mikubwa, kisha utafiti na tasnifu. Idara nzuri ikikuchukua inakulipia: ada inafutwa na unapewa posho ya kujikimu, nawe unafundisha semina au unasaidia utafiti. Uingereza kwa kawaida wanataka uwe na uzamili kwanza, uende na pendekezo la utafiti mkononi, umalize kwa miaka mitatu au minne, na hela unaitafuta kivyake. Msichanganye: Chevening inalipia uzamili wa mwaka mmoja, si PhD. Anayetaka PhD aangalie ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Njia ya tatu ni huku kwetu. Taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, MISR, ina PhD ya miaka mitano yenye madarasa, iliyoanza mwaka 2012 chini ya Mahmood Mamdani. Na asikwambie mtu kwamba ya nyumbani ni ya daraja la pili: Profesa Issa Shivji, mwanasheria mwenzetu, PhD yake ni ya Mlimani.

Sheria yangu ya kwanza: usilipie PhD ya siasa kwa hela ya familia. Usiuze shamba la mzee. Wakikukubali bila ufadhili, hesabu kwamba wamekukataa kwa adabu.

Pili, muda. Dirisha la Marekani kwa sehemu kubwa hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Ukianza kufikiria Novemba umechelewa. Mimi nilianza Mei, na bado nililala saa tisa usiku kwa wiki nzima.

Tatu, gharama za maombi. Chuo kimoja kinaweza kudai dola 90, yaani zaidi ya shilingi laki mbili. Zidisha kwa sita. Bumu halitoshi hata kwa viwili. Ila vyuo vingi vina msamaha wa ada kwa mwenye shida ya kweli. Unaomba kwa barua pepe fupi, bila kujilizaliza. Mimi nilisamehewa na vinne. Mtihani wa Kiingereza nao unakula laki kadhaa, lakini vipo vyuo vinavyokusamehe kama umesoma shahada kwa Kiingereza. GRE idara nyingi zimeiacha. Soma tovuti ya kila idara mwenyewe, usitegemee maneno ya kijiweni.

Nne, andiko la kujieleza si hotuba ya jukwaani. Rasimu yangu ya kwanza ilianza: "Tangu nikiwa mdogo nimechukia dhuluma." Mwalimu aliyenisaidia akaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Nani haichukii? Wewe unataka kujua nini?" Hiyo sentensi moja ilinifaa kuliko semina zote. Kamati inatafuta swali, na dalili kwamba unaweza kulifanyia kazi. Na sisi wa HKL na HGL tuliokimbia hesabu, huko zinatusubiri. Takwimu ni mkate wa kila siku wa fani hii. Programu ya R ni ya bure, ianze sasa hivi kwenye laptop ya kuazima.

Tano, barua za wadhamini. Mara nyingi zinatakiwa tatu, na hapa ndipo nilipoumia. Mwalimu mmoja, simtaji yeye wala chuo, aliniambia: "Binti, wewe ni mwanafunzi wangu bora mwaka huu. Ila zile picha zako za mkutano wa hadhara zinanipa shida. Zifute, halafu tuongee." Nilikaa na simu mkononi usiku kucha. Ukweli ni kwamba nilifuta moja. Asubuhi nikairudisha, nikaenda kwa mwalimu mwingine, mama mtu mzima, ambaye najua kabisa hatupigii kura chama kimoja. Aliniangalia juu ya miwani akasema: "Mimi naandika ulichofanya darasani kwangu. Mengine ni yako." Barua akaituma siku tatu kabla ya mwisho. Nimejifunza kitu: usiwadharau walimu kwa sababu ya kadi zao za chama, na usiwaabudu kwa sababu hiyo hiyo.

Matokeo: kati ya vyuo sita, vinne vilinikataa. Viwili vilinikubali kwa ufadhili kamili. Kimoja ni kikubwa, jina lake hata mjomba wangu kule Tukuyu analijua kutoka kwenye sinema. Cha pili kiko mji mdogo wenye baridi kali, ukikitaja watu wanakuuliza "Wapi?" Mama alitaka cha kwanza. Picha yangu na lile geti maarufu ingepamba sebule, nami nilitaka kumpa.

Nilichofanya ni kuuliza maswali, na nawasihi nanyi myaulize. Nani hasa atanisimamia? Kwenye chuo kikubwa hakukuwa na mtu anayechunguza mahakama katika nchi zetu. Aliyekuwepo alikuwa anastaafu. Kule kwenye baridi yuko mtu anayechunguza jambo hilo hilo. Wanafunzi wao wanamaliza, na wakimaliza wanakwenda wapi? Nikawaandikia wanafunzi waliopo. Wa chuo kikubwa hawakujibu. Wa pili wawili walinipigia, mmoja akaniambia mpaka mabaya: upweke, giza la saa kumi na moja jioni, na wenzake walioacha njiani. Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Inatosha kodi ya pale? Dola nyingi kwenye jiji kubwa zinaweza kukuacha na njaa kuliko dola pungufu kwenye mji mdogo. Na utafiti nyumbani utawezekana? Hapa unahitaji kibali cha COSTECH, na tunakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyofanya kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kuwa jambo la jinai hadi yaliporekebishwa 2019. Nilimuuliza msimamizi wangu waziwazi: kibali kikikwama? Akasema tutaanzia Malawi na Kenya. Alikuwa ameshalifikiria. Hilo ndilo lililoamua.

Msikubali kuharakishwa pia. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Tumieni siku zote hizo.

Nilijibu tarehe 11 Aprili. Mama aliposikia ni kile cha baridi akauliza tu: "Miaka mitano, mwanangu. Na ndoa?" Nikamwambia ndoa haina dirisha la udahili. Alicheka, lakini najua usiku hakulala.

Kwa chama changu nina ombi dogo. Hatuna hela za kusomesha watu, najua. Lakini tuna wazee waliosoma, waliosambaa dunia nzima. Watupitie rasimu zetu. Watuandikie barua pale walimu wanapoogopa. Tuwe na mfuko wa kumkopesha kijana laki mbili ya ada ya maombi. Fomu za kugombea tunachangishana, na hili nalo tunaliweza.

Na kwako kaka yangu wa kituo cha polisi: sikuachi kwenye mataa. Siku ile pale nje uliniuliza, "Hivi kwa nini kila mara tunaanza upya?" Sikuwa na jibu, wewe hukuwa nalo, na viongozi wetu kwa kweli hawana. Nakwenda kulitafuta. Nikikaa huko nikasahau, ukurasa huu upo, nimeuandika kwa mkono wangu. Nitumie.