Samaki Waishio Penye Baridi ya Kugandisha

Maji safi huganda yafikapo nyuzi sifuri kwa kipimo cha Sentigredi. Maji ya chumvi hukawia. Bahari yataka baridi ya karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri ndipo igande. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa samaki wa bahari za kaskazini ni jambo la kufa au kupona. Chumvi iliyomo katika damu ya samaki wengi haifiki hata nusu ya ile ya bahari. Kwa hiyo damu hiyo yapaswa kuganda kabla ya maji yamzungukayo. Mbona basi samaki huyo yu hai?

Aliyelishughulikia swali hili ni Profesa Per Scholander, aliyezaliwa Uswidi mwaka 1905, akasomea udaktari Oslo, na baadaye akafanya sehemu kubwa ya kazi yake Marekani. Alifariki mwaka 1980. Mambo mawili hakuyaacha: baridi, na hewa wanayoivuta viumbe.

Mwaka 1954 na 1955 yeye na wenzake walifanya kazi Hebron Fjord, ghuba nyembamba katika pwani ya Labrador, mashariki ya Kanada. Huko chini, penye kina cha mita 100 na zaidi, maji hukaa katika nyuzi 1.7 hivi chini ya sifuri mwaka mzima. Waliwavua samaki wa kilindini, wakaipima damu yao, wakaona kwamba ingepasa kugandia kwenye nyuzi 1 hivi chini ya sifuri. Nao samaki wale walikuwa wakiogelea bila shida yoyote!

Siri yake ni hii. Maji yakipoa taratibu, si lazima yagande mara yafikapo kiwango chao. Huweza kungoja chembe ya barafu ya kuanzia, kama maziwa yangojavyo mabaki ya mtindi yaliyomo kibuyuni. Barafu nayo huelea, haishuki kilindini. Samaki wa huko alipotiwa katika maji ya baridi ileile aliendelea kuogelea, lakini alipoguswa na barafu aliganda, akafa. Maisha yake yote yametegemea kutokutana na kitu ambacho sisi twakitia katika gilasi ya soda.

Samaki wa juu ya maji hawana kimbilio hilo, kwa kuwa wakati wa baridi huishi katikati ya barafu. Scholander aliona kwamba majira hayo damu yao hubadilika hata isigande mpaka baridi ikaribie ile ya bahari yenyewe, na chumvi peke yake haikutosha kuyaeleza mabadiliko hayo. Jibu halikutoka kwake. Lilitoka ncha ya pili ya dunia, kwa samaki wa Antaktika: mwaka 1969 Arthur DeVries na mwenzake walitangaza kwamba damu ya samaki wale ina protini zilizounganika na sukari. Protini hizo huzishika chembe za barafu zisikue. Baadaye protini za kazi hiyo hiyo zilipatikana katika samaki wa kaskazini pia.

Wako na viumbe ambao hugandishwa kweli wasife. Katika madimbwi ya Alaska, Scholander aliwachunguza mabuu wa jamaa ya wale wadudu wadogo wanaoinuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya maji ya miili yao hugeuka barafu. Alipima hewa ya oksijeni waliyoitumia, kiasi kidogo mno, akaona kwamba pumzi yao hupungua sana kadiri baridi izidivyo.

Tena hewa hufungwa hata ndani ya barafu isiyo na uhai. Theluji ikikandamizwa miaka mingi ikawa barafu, huzuia ndani yake mapovu ya hewa ya zamani, yaliyobanwa hata barafu inapoyeyuka baharini hulia kama kuni mbichi motoni. Mwaka 1958 Scholander alikwenda Greenland kwa meli pamoja na wataalamu wengine, wakayeyusha barafu tani kwa tani ili kuikusanya hewa hiyo na kupima kaboni yake. Baadhi ya barafu hiyo ilionekana kuwa na umri wa karne chache tu, na nyingine ilifikia miaka 3,000 hivi.