Barabara za Djugu: bajeti iseme hali, si kilometa tu

Barabara ya taifa namba 27, inayotoka Komanda na kupita Bunia na mtaa wa Djugu hadi Mahagi, mpakani mwa Uganda, inalisha sehemu kubwa ya jimbo la Ituri. Mihogo na maharage vinashuka Bunia kwa njia hiyo. Saruji na mafuta vinaingia kwa njia hiyohiyo. Ila kazi ya kuitunza inahesabiwa kwa kilometa: ngapi zimepitiwa na mashine, ngapi zimejazwa udongo. Mkaaji haambiwi barabara itakuwa katika hali gani baada ya wiki mbili za mvua.

Tanzania hupima barabara zake na kuziita nzuri, za wastani au mbaya. Mtu anaweza kuuliza ipi imeshuka daraja, na kwa nini. Congo kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaokula kwenye mafuta ya gari na kwenye peaje. Yaani hata kijana wa pikipiki anayenunua lita mbili pale Iga Barrière amekwisha changia. Ana haki ya kujua amelipia nini.

Si lazima lengo liwe lami. Bunia–Mahagi ingeandikiwa hivi: lori lipite siku zote za mwaka, na vizuizi vya mvua vifunge kwa masaa, si kwa siku. Njia za Drodro, Mongbwalu na Tchomia zingeandikiwa lengo la chini zaidi: gari la wagonjwa lifike, hata polepole, na madaraja yabebe. Lengo dogo linalotimizwa ni afadhali kuliko kubwa la kwenye karatasi. Tena sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya majembe na sururu: kufungua mitaro ili maji yasikae barabarani. Wakimbizi wa ndani wanaokaa bila mashamba wangeifanya kwa malipo.

Wapo watakaosema amani kwanza. Ni kweli, hakuna kantoniye atakayechimba mtaro huku risasi zinalia. Lakini lori lililokwama kwenye matope ndilo mawindo rahisi ya wenye silaha, na msaada wa chakula unaochelewa njiani unawaacha watoto wa Rho na Plaine Savo na njaa. Na mama anayefikiria kurudi kijijini, baada ya kuuliza juu ya usalama, anauliza namna mgonjwa atakavyofika hospitali usiku. Pale pasipofikika kwa sababu ya vita, bajeti iandike hivyo waziwazi, na feza zile zipelekwe sehemu nyingine.

Kiangazi cha Ituri ni kifupi, mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili. Malengo hayo, sehemu kwa sehemu na feza zake, yabandikwe kwenye ofisi za sheferi na kusomwa redioni kabla ya hapo, ili mvua za mwezi wa tatu zikute mitaro iko wazi.