Fumbo la Kupanga Maneno: Tusikie Sababu Kabla ya Kusahihisha

Zoezi la kupanga maneno katika mafungu si geni shuleni. Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyelijua swali la kutaja neno lisilohusiana na mengine. Siku hizi zoezi hilo limekuwa pia mchezo wa watu wazima. Mwezi Juni 2023 gazeti la New York Times la Marekani lilianza kutoa kila siku fumbo liitwalo Connections. Mchezaji hupewa maneno 16 ayapange katika mafungu manne ya maneno manne manne, na akikosea mara nne mchezo umekwisha. Nchini Uingereza, televisheni ya BBC ilikuwa imekwisha kuonesha fumbo la namna hiyo katika kipindi cha Only Connect, kilichoanza mwaka 2008. Sisi tunaona kwamba fumbo hili lafaa sana darasani, lakini kwa sharti moja, ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Uzito wa fumbo hutokana na maneno yenye maana zaidi ya moja, nayo Kiswahili kinayo tele. Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya:

mbuzi, taa, nyati, ua
paa, kinu, tembo, papa
kaa, dirisha, kima, chungu
mwiko, swala, pweza, dari

Mwenye haraka atachukua mbuzi, nyati, tembo na swala, aseme amepata wanyama. Lakini akigeukia vyombo vya jikoni atakuta kinu, chungu na mwiko tu. La nne liko wapi? Hapo ndipo atakapoikumbuka mbuzi ya kukunia nazi. Paa naye si mnyama tena. Ni paa la nyumba, pamoja na ua, dari na dirisha. Taa ni kiumbe wa baharini, mwenzake papa, pweza na kaa. Wanaosalia ni nyati, tembo, kima na swala.

Faida ya pili ni ya sarufi. Twasema mbuzi huyu na mbuzi hii, kaa huyu na kaa hili, taa huyu na taa hii. Mwanafunzi akitakiwa kutunga sentensi kwa kila neno alilolipanga, upatanisho utadhihirisha maana aliyoikusudia. Somo la ngeli, ambalo aghalabu huwachosha wanafunzi, hapo huwa na kazi ya kufanya.

Sasa tulitaje sharti letu. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia A. R. Luria wa Urusi aliwachunguza wakulima wa Uzbekistan. Aliwaonesha picha za nyundo, msumeno, gogo na shoka, akawauliza kipi hakihusiki. Msomi atajibu upesi kuwa ni gogo, kwa kuwa vilivyosalia ni zana. Baadhi ya wakulima wasiojua kusoma walikataa kuliondoa gogo: bila gogo msumeno utakata nini, na shoka litapasua nini? Hawakukosa akili. Walipanga vitu kwa jinsi vinavyotumika pamoja, wala si kwa jina la jumla.

Watoto wengi huja shuleni na mpango wa namna hiyo. Mtoto akipewa jembe, shoka, panga na muhogo, huenda akaondoa shoka, kwa kuwa vitatu vilivyosalia hukutana shambani. Mwongozo wa majibu wasema muhogo, naye mwalimu huweka alama ya kosa na kupita. Mtoto huyo hajifunzi jina la jumla la zana; hujifunza kwamba anayoyajua nyumbani hayana thamani shuleni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama moja iliyopotea.

Pengine wenzetu watasema kwamba madarasa yana wanafunzi wengi, na kwamba mtihani hukubali jibu moja tu. Hayo ni kweli. Nasi hatusemi kwamba kila jibu ni sahihi, wala kwamba mtoto asifundishwe mpango autakao mtahini. Tunasema afundishwe mpango huo juu ya ule alionao, aweze kutumia yote miwili.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wafumbue kwa vikundi vya wanne au watano, na kila kikundi kitoe jina la fungu pamoja na sababu. Pili, mwalimu achague maneno yanayojulikana mahali alipo. Mtoto ambaye kwao hawakuni nazi hawezi kulaumiwa kwa kutoijua mbuzi. Tatu, wanafunzi watunge mafumbo yao wenyewe, kwani anayetunga hulazimika kulipima kila neno pande zote.

Kazi hii haihitaji fedha. Chaki na ubao vyatosha. Inahitaji mwalimu aliye tayari kuuliza "kwa nini?" na kungoja jibu, kalamu nyekundu ikiwa bado mezani.