Injinia wa India

Ndugu wazazi wa Kinkondja, mbele ya kuuzisha mitumbwi na nyavu ili mutoto aende India kusomea uinjinia, hesabuni. Masomo ya kule ni miaka 4, si mumoja. Minerval ni sehemu tu: kuko viza, ndege, nyumba, chakula. Tena wanafundisha kwa Kiingereza, na mutoto wetu amesoma kwa Kifaransa!

Na kazi je? Katika 2003 na 2004 Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000, wengi wenye miaka 25 na zaidi kazini. Mimi naona afazali aanze Polytechnique ya Lubumbashi, karibu na migodi yenyewe, India ingojee. Wewe kijana unayekataa, andikia baba bei ya miaka yote 4 kwenye karatasi moja.