Ufunguo Uliomo Ndani ya Mita

Katika mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja wa TANESCO walionunua umeme wa LUKU walipewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja walilolizoea. Waliagizwa waingize mawili ya kwanza kwa mfuatano, ndipo waingize la tatu lililobeba uniti zao. Wengi walibonyeza vitufe huku wakinung'unika. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa somo zuri la ulinzi wa kompyuta kuliko mengi yaliyomo vitabuni, nami nachelea kwamba shule zetu zililiacha lipite mlangoni bila kulikaribisha.

Mita ya LUKU ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna chipu, yaani kipande cha silikoni kilichochorwa saketi nyingi sana, na ndani ya kumbukumbu ya chipu hiyo mna namba ya siri iitwayo ufunguo. Kila mita ina ufunguo wake. Tokeni anayouziwa mteja imefumbwa kwa ufunguo huo, na ndiyo sababu tokeni ya jirani haikubaliki katika mita yako. Aidha, kila tokeni hubeba muhuri wa wakati, nao ni hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka mihuri ya tokeni zilizokwisha kutumika, hivyo tokeni moja hailiwi mara mbili.

Wabunifu wa utaratibu huo, ulioanzia Afrika Kusini, waliutengea muhuri nafasi 24, kila nafasi ikiwa sifuri au moja. Mwalimu wa hisabati na awaachie wanafunzi wakokotoe: mbili kwa kipeo cha 24 ni 16,777,216. Dakika hizo ni takriban miaka 31 na miezi 11, nazo zilikuwa zikiisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ingeziona tokeni mpya kuwa ni za zamani, ikazikataa. Hapana budi kila mita ipewe ufunguo mpya na kumbukumbu yake ifutwe. Na kwa kuwa ufunguo mzima haukuenea katika tarakimu 20, uligawanywa nusu kwa nusu. Hayo ndiyo yale makundi mawili ya kwanza.

Sasa tazama ugumu wenyewe. Kompyuta ya benki hulindwa kwa kuta na askari. Mita hulala nyumbani kwa mtu ambaye pengine ndiye mwenye nia ya kuiibia. Chipu iliyomo ndani yake yapaswa kutunza siri ikiwa mikononi mwa adui. Mwaka 1999 Paul Kocher na wenzake, huko Marekani, walichapisha njia ya kuusoma ufunguo kwa kupima tu jinsi chipu inavyovuta umeme inapokokotoa, pasipo kuipasua. Ni kama mtu aliye nje ya ua anayetambua kwa mlio wa mchi kwamba kinachotwangwa ni kisamvu, wala si mahindi. Tangu hapo watengenezaji wa chipu za kutunza siri wamelazimika kuzifundisha pia kuficha mlio wao.

Lakini vishoka hawana haja ya elimu hiyo. Wao hupitisha waya pembeni ya mita, na chipu iliyolindwa vizuri hubaki ikihesabu umeme usiopita kwake. Huko Afrika Kusini wezi walifanya jambo kubwa zaidi: waliiba mashine za kuuzia umeme, zikiwa na funguo ndani yake, wakauza tokeni za magendo ambazo mita zilizipokea kama halali. Hakuna chipu ya mita iliyovunjwa hapo. Mlango ulikuwa imara, ila mwenye nyumba aliacha ufunguo dukani.

Wapo watu, baadhi yao walimu wenzangu, wasemao kwamba kuwaeleza vijana mambo haya ni kuwafundisha wizi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kanuni za utengenezaji wa tokeni zimechapishwa kama kiwango cha kimataifa, na mtu yeyote anaweza kukinunua na kukisoma. Siri ni ufunguo peke yake. Utaratibu ambao usalama wake ungevunjika kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu ameuelewa, haukuwa na usalama tangu mwanzo. Anayenufaika na ujinga wetu ni kishoka, kwa kuwa yeye amekwisha kujua.

Bila shaka mita isifunguliwe na mtu yeyote asiyehusika. Ni kosa kisheria, na umeme huua. Lakini katika shule ya Kakonko, Kibondo au Kasulu, ambako kwa miaka mingi umeme wa mji ulikuwa mngurumo wa jenereta la dizeli, swichi 24 na balbu ndogo zatosha kuonyesha namna hesabu inavyojaa na kurudi sifuri. Redio mbovu yatosha kuonyesha chipu ilivyo. Mwalimu aweza pia kueleza kwa nini simu bandia zilizimwa na TCRA mwezi Juni 2016, na kuwauliza wanafunzi wake: ikiwa namba ya utambulisho wa simu imewekwa katika kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya, ina tofauti gani na ufunguo wa mita?

Nchi yetu huagiza chipu zake kutoka nje: za mita, za kadi za benki, za vitambulisho. Twazipokea zikiwa zimefungwa, na twaamini maelezo ya muuzaji. Ili siku moja tuweze kuzipima sisi wenyewe, tutahitaji watu waliozoea tangu sekondari kuuliza ufunguo umekaa wapi, na nani mwingine anao.