Nunua Mabati, Lakini Usidhani Umenunua Ardhi

Kila tarehe tano ya mwezi, simu nyingi pale Gatwekera hufanya kazi moja: kutuma kodi ya nyumba. Elfu tatu inaenda kwa keateka, meseji inaingia, mwezi unaanza upya. Tunajua kwa sababu ni kwetu hiyo pesa inapitia. Na tunajua pia swali linalofuata, maana wateja hutuuliza kila tukishuka mtaani kufanya mafunzo: "Nimelipa kodi miaka saba. Mbona nisinunue keja yangu mwenyewe, niishi kwangu?"

Ni swali la haki kabisa. Na kwa kawaida kuna broka tayari ameshaonyesha nyumba: kumi kwa kumi, mabati juu na mabati ubavuni, laki moja na ishirini, "bei ya leo, kesho inapanda."

Maoni yetu ni haya. Unaweza kununua, na kwa watu wengine ni uamuzi wa busara. Lakini nunua kama mtu anayenunua gari, si kama mtu anayenunua shamba. Ukichanganya hayo mawili, utalia.

Unauziwa nini hasa?

Tuanze na jambo ambalo broka hataki tuliseme. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni ya serikali. Anayekuuzia nyumba Gatwekera anakuuzia mabati, mbao, mlango, na nafasi ya kukaa pale ambayo majirani na wazee wa kijiji wanaitambua. Hakuuzii udongo. Barua ya chifu au sahihi ya mzee wa kijiji ni ushahidi mzuri kwamba mliuziana, na usikose kuwa nayo. Lakini si hati ya ardhi, na haitageuka kuwa hati hata ukiipiga lamineti.

Ukitaka kujua hati inavyochukua muda, angalia majirani zetu Wanubi. Wazee wao, askari wa King's African Rifles, walikaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jamii hiyo ilipata hati yake ya pamoja, ya ekari 288, mwaka 2017. Zaidi ya miaka mia moja. Sasa wewe unaambiwa na broka kwamba "hati ziko njiani." Muulize ziko njia gani.

Kawangware ni hadithi nyingine. Huko ploti nyingi zina wenyewe, watu binafsi wenye karatasi zao. Ukiuziwa nyumba ya mabati huko, uliza mapema: je, nimenunua na ploti, au nimenunua mabati yaliyosimama kwenye ploti ya mtu nitakayekuwa namlipa kila mwezi?

Nyumba inayoweza kuhama

Huko Marekani kuna watu wanaoishi ndani ya magari ya nyumba mwaka mzima. Sio watalii. Ni watu wazima ambao kodi iliwashinda, wengine baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008, wakaamua kununua gari lenye kitanda na jiko. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao, *Nomadland*, kilichotoka 2017, na filamu yake ikashinda tuzo kubwa ya Oscar mwaka 2021.

Kwa nini tunawataja? Kwa sababu mtu wa aina hiyo hajidanganyi. Anajua gari ni lake na mahali alipoegesha si pake. Kwa hiyo akinunua, anaangalia kama chuma kimeoza, kama paa linavuja, na kama litaweza kuondoka siku akiambiwa ondoka. Mtu wa Gatwekera yuko kwenye hali ileile, tofauti ni kwamba nyumba yake haina magurudumu. Inabidi afikirie magurudumu yake mapema.

Na siku ya kuambiwa ondoka si hadithi ya kutisha watoto. Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera zikabomoa nyumba, pamoja na shule, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, watu waliojenga kando ya mito hapa Nairobi waliamriwa wahame kwa haraka sana. Sheria ya Ardhi, tangu irekebishwe 2016, inasema watu wanaoondolewa kwenye ardhi ya umma wapewe notisi ya angalau miezi mitatu. Hiyo ni haki yako, idai. Lakini usiweke akiba yako yote juu ya matumaini kwamba kila tingatinga limesoma sheria.

Piga hesabu kabla ya kutoa dipositi

Chukua kalamu. Huu ni mfano tu, weka namba zako mwenyewe.

Nyumba ni 120,000. Kodi unayolipa sasa ni 3,000 kwa mwezi. Watu wengi hugawanya hapo hapo: miezi 40, nimerudisha pesa yangu. Polepole. Nyumba yako itahitaji fundi, na fundi sasa ni juu yako. Tuseme 6,000 kwa mwaka kwa misumari, mbao zilizoliwa na mchwa, na bati moja lililotoboka. Hiyo ni 500 kwa mwezi. Kwa hiyo unaokoa 2,500, si 3,000. Sasa 120,000 inarudi kwa miezi 48. Miaka minne.

Kuna namba ya tatu ambayo ndiyo muhimu zaidi: ukiambiwa uhame, utabeba nini? Kama mabati, mbao na mlango vinaweza kukupa 40,000 ukiviuza au ukijengea kwingine, basi kinachoweza kupotea ni 80,000. Gawanya kwa 2,500: miezi 32. Huo ndio mstari wako. Ukihamishwa kabla ya miezi 32, umepoteza. Ukikaa zaidi ya hapo, kila mwezi ni faida.

Jiulize sasa, bila broka kukusikia: ninaamini nyumba hii itasimama hapa miezi 32? Kama jibu ni "sijui," ama bei ishuke ama utafute nyingine. Kama jibu ni "naamini," una kila sababu ya kuendelea.

Na jambo moja tunalisema wazi ingawa sisi ni kampuni ya pesa za simu: usinunue nyumba kwa mkopo wa simu wa siku thelathini. Mikopo hiyo ni ya kusukuma wiki. Nyumba inayorudisha pesa kwa miaka minne haiwezi kulipa deni la mwezi mmoja. Chama au sacco, ambapo unalipa polepole na watu wanakujua, ni njia nzuri zaidi.

Kagua kama fundi

Nenda mara tatu. Mchana, uone mwanga na mbao. Usiku, uone usalama na nani anapita. Na siku mvua imenyesha, hii usiikose. Kati ya Machi na Mei mvua itakuambia yale muuzaji ameficha: kama mtaro unapita mlangoni, kama maji ya jirani yanaishia kwako.

Ingia ndani, funga mlango, angalia juu. Kila nukta ya mwanga ni tone la maji. Uliza bati ni geji gani, na kumbuka namba ndogo ndiyo bati nene: geji 28 inashinda geji 30. Sukuma nguzo kwa mkono. Chimbua kidogo pale nguzo inapoingia chini, maana huko ndiko mbao huoza kwanza.

Angalia ukuta. Ukuta wa matope una joto zuri na bei nafuu, lakini siku ya kuhama unaubakisha hapo hapo. Ukuta wa mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao unang'olewa kwa siku moja na kubebwa na mkokoteni. Sakafu ya saruji ni raha ya kila siku, ila ihesabu kama pesa iliyozikwa.

Halafu simama mlangoni uangalie mbali. Reli iko wapi? Gatwekera imepakana na reli, na nyumba iliyobanana nayo ndiyo ya kwanza kuguswa shirika la reli likitaka nafasi yake. Nyaya kubwa za umeme ziko wapi? Mto je? Kuna alama nyekundu ya X kwa ukuta wowote karibu? Na umeme wa ndani unatoka wapi: una tokeni zako, au waya umerukishwa kutoka kwa jirani? Waya wa kurukishwa ndani ya nyumba za mabati zilizobanana ni moto unaosubiri siku.

Pesa ipite njia gani

Hapa tuwasimulie kisa cha mwenzetu mmoja wa kazini aliyelelewa Gatwekera. Alipokuwa darasa la sita, mamake alinunua chumba baada ya kuweka akiba ya mboga kwa miaka. Ili kukwepa makato, alienda kwa wakala akaweka pesa moja kwa moja kwenye namba ya muuzaji. Meseji iliingia kwa simu ya muuzaji. Kwake haikuingia kitu. Wiki mbili baadaye akatokea mtu mwingine aliyeuziwa chumba kilekile, na karatasi yenye sahihi. Wazee wakamuuliza, "Mama, ushahidi uko wapi?" Hakuwa nao. Aliokoa makato ya shilingi chache, akapoteza chumba. Walirudi kwa kodi, na mwenzetu anasema mamake hakuwahi tena kuzungumzia kununua nyumba.

Kwa hiyo, tafadhali:

Weka pesa kwenye laini yako kwanza, iliyosajiliwa kwa jina lako, kisha itume mwenyewe. Ndiyo, kuna makato. Hayo makato ndiyo yanayonunua ushahidi wenye majina yenu wawili.

Tuma mia moja kwanza. Jina linalotokea kwenye simu lifanane na kitambulisho cha muuzaji. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji," simama hapo hapo.

Lipa kwa vipande. Dipositi ndogo siku ya makubaliano, kiasi kikubwa mbele ya mashahidi, na kipande cha mwisho siku unapokabidhiwa funguo na aliyekuwa anaishi ndani ametoka. Usiogope ukubwa wa pesa: tangu Agosti 2023, simu inaweza kutuma mpaka 250,000 kwa mara moja, hakuna haja ya kubeba noti kwa mfuko.

Andikeni makubaliano kwa karatasi: majina, namba za vitambulisho, vipimo vya nyumba, majirani wa pande zote, na namba ya kila muamala. Mashahidi wawe majirani wanaoishi hapo, sio marafiki wa broka. Waulize mbele ya wote: "Kuna mtu mwingine anadai nyumba hii?"

Kisha omba taarifa ya akaunti ya mwezi huo na uihifadhi nje ya simu. Simu huibiwa, na meseji huenda nayo. Na kumbuka, ukituma kwa makosa, omba kurudishiwa mara moja. Pesa ikishatolewa upande wa pili, hata sisi mikono yetu inakuwa mifupi.

Kuna watakaotupinga

Watasema: kwa nini upoteze laki kwa mabati, nenda ununue ploti nje ya mji. Kama una kazi ya kufanyia huko, nenda, na tutakupongeza. Lakini mtu anayefua nguo Kilimani au kusukuma mkokoteni Toi Market akihamia mbali, nauli ya 200 kwa siku kwa siku 26 ni 5,200. Hiyo ni zaidi ya kodi anayokimbia. Kuishi karibu na kazi ni pesa pia.

Wengine watasema endelea kupanga tu. Sawa, kupanga si aibu, na kwa mwenye hofu ya tingatinga ndiyo njia ya amani. Ila mtu aliyepiga hesabu yake, akakagua, akalipa kwa njia safi, hatuna ujasiri wa kumwambia amekosea. Miaka minne ya kutofungua mlango kwa hofu ya keateka ni kitu. Mtoto kusoma chini ya paa ambalo hakuna anayeweza kuling'oa kwa sababu ya kodi ya wiki mbili ni kitu kikubwa.

Tunachoomba ni kimoja: ukinunua, jua umenunua nini. Weka misumari kwa njia ambayo itang'oka, weka risiti mahali hazitalowa, na kila mwezi ile elfu mbili na mia tano uliyookoa iweke akiba. Ikifika siku ya kuhama, hiyo akiba ndiyo magurudumu yako.