SEHEMU YA 6: Sampu ianze na mtoto, siyo samaki

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaochungulia simu za wenzenu: leo naongea bila kuremba. Haya matangi ya samaki wa maji chumvi yanayoingia sebuleni kwetu ni mazuri, sikatai. Ila tunaangalia kioo kinachong'aa juu, wakati hatari iko chini, ndani ya kabati.

Kwa asiyejua: tangi la maji chumvi mara nyingi lina mwenzake chini yake. Mafundi wanaliita sampu. Maji yanashuka huko kwa bomba, yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Hita iko humo, kichujio cha povu kiko humo, nyaya ziko humo. Maji, chumvi na umeme kwenye kabati moja, usawa wa macho ya mtoto anayejifunza kutembea!

Halafu sikiliza watu wakipanga. Lita ngapi? Pampu gani? Samaki gani? Mtoto hayumo kwenye mpango. Kabati linawekewa kapazia, basi, kazi imeisha. Hapana jamani.

Utaniambia: "Maji yenyewe ni sentimita 20 tu." Mtoto wa mwaka na nusu kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na mikono haina nguvu ya kujinyanyua. Akiinama akatumbukia, hatoki. Sentimita chache za maji zinatosha kuziba pua na mdomo. Na hapigi kelele kama kwenye sinema, anazama kimya, ndani ya dakika chache. Kwake sampu na ndoo ya kufulia ni kitu kimoja.

Utaniambia: "Dada wa kazi yupo." Dada huyo huyo anapika, anafua, anafungua geti. Kumbebesha binti wa watu lawama ya kabati ambalo wewe umekataa kulifunga siyo haki. Kufuli halisinzii.

Utaniambia: "Fundi kasema likifungwa litashika joto na unyevu." Basi atoboe matundu ya hewa juu na mgongoni, mahali mkono wa mtoto haufiki. Si ndiyo kazi tunayomlipa?

Sasa tuje kwenye umeme kukatika. Pampu ikizima, maji ya juu yanashuka, na bomba la kurudishia linageuka mrija wa kunyonya. Piga hesabu: tangi la sentimita 120 kwa 50, kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Kama mdomo wa bomba umezama sentimita 3, lita 18 zinashuka, achilia mbali yaliyomo kwenye mabomba. Sampu ya 90 kwa 40 itapanda sentimita 5 kwa hizo 18 peke yake. Kama hukuacha nafasi, maji yanamwagika sakafuni, kwenye ekstensheni, na mtoto yuko pekupeku. Maji chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya bomba. Kwa hiyo zima pampu makusudi kabla hujaweka samaki hata mmoja, uone yanaishia wapi.

Soketi zikae ukutani, pembeni na juu, siyo chini ya tangi. Waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye plagi. Na muulize fundi umeme kama nyumba ina ile swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kama haina, iwekwe kwanza.

Chokaa ya kulishia matumbawe nayo isikae kwenye kabati hilo. Inaunguza macho. Ikimwingia mtoto, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, kisha hospitali. Usimpake maziwa wala mafuta.

Mtoto akitumbukia: kata umeme KABLA hujagusa maji. Mtoe, ita watu. Kama hapumui, mpe pumzi 5, kisha mkandamize kifua mara 30, pumzi 2, rudia hadi apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo. Unapoteza dakika ambazo hazirudi.

Msimamo wangu ni huu, na atakayekasirika akasirike: kama bajeti ya nyumba inatosha samaki na pampu lakini haitoshi mlango wenye kufuli, soketi za juu na swichi ya kinga, basi haitoshi tangi. Subirini mtoto akue. Samaki wapo, bahari haihami.

Mtumie baba watoto hii kabla hajalipa advansi ya fundi. Sehemu ya 7: ndoo na mapipa ya bafuni. Huko nako tutaelewana.